Kurumbiza Asiye na Mstari

Dzoro alikuwa mchoraji wa ndege, na hakuchora ndege asiyekutana naye. Alfajiri alikwenda bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na daftari lake, akakaa chini ya miti akingoja, kisha akarudi mtaa wa Kibokoni, kwenye chumba alichopanga na mkewe Mirriam, akamalizia kwa rangi. Mwenye nyumba, Bi Mishi, alikubali picha zitundikwe kwa sharti moja: kila ndege apigwe mstari mwembamba shingoni, asihesabiwe kiumbe mwenye uhai. Mdiria, chozi, njiwa, wote walipigwa. Mirriam alimtania mumewe kwamba amegeuka mchinjaji.

Mwezi wa nane alikutana na kurumbiza. Ndege huyo wa manjano, kichwa cheusi, alitua hatua tatu tu kutoka kwake, akamtazama bila kuogopa mpaka alipomaliza kuchora. Picha ilichaguliwa kwa maonyesho ya Jumamosi, ya kwanza maishani mwa Dzoro. Hakuwa na moyo wa kuiharibu. Akaitia kwenye fremu yenye kioo bila mstari, akaitundika juu ya kitanda.

Jumatano Mirriam alianza kuhema akipanda ngazi. Daktari alimpima kifua, hakuona kitu. Alhamisi alihema hata akiwa amekaa. Siku hiyo Dzoro aliona ukungu kwenye kioo cha picha, mbele ya mdomo wa ndege. Akaufuta kwa kitambaa. Haukufutika, kwa kuwa ulikuwa upande wa ndani.

Bi Mishi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akainua macho ukutani, kisha akamvuta Dzoro hadi mlangoni.

"Mwanangu, mchoraji ataambiwa siku ya mwisho akitie roho alichokichora," alinong'ona. "Huyu wako hakungoja siku hiyo. Mtie mstari sasa hivi."

"Jumamosi jioni, Bi Mishi. Wakishamwona."

"Na mkeo?"

Dzoro alirudi ndani kuinyoosha fremu. Mimi simtetei. Siku zile alimpenda ndege kuliko mkewe, na alijua.

Jumamosi watu walimsifu mpaka akalewa sifa. Alirudi jua likielekea kuzama, picha kwapani. Mirriam alikuwa amelala chali, midomo imepauka. Kifua chake hakikupanda. Dzoro akatazama picha. Manyoya ya kifuani yalipanda. Yakashuka. Yakapanda tena.

Akang'oa kioo. Akachovya brashi katika rangi nyeusi. Akapiga mstari mmoja.

Nyuma yake Mirriam alikoroma mara moja tu.

Shangazi zake waliomwosha walikuta mstari mweusi shingoni, mwembamba, unaotoka sikio hadi sikio. Sabuni haikuutoa. Mafuta ya taa hayakuutoa. Wakamfunga kitambaa, akazikwa nacho.

Baada ya mazishi Dzoro alirudi chumbani peke yake. Picha ilikuwa ukutani juu ya kitanda, ndani ya kioo chake, ingawa yeye hakukirudisha. Shingo ya kurumbiza ilikuwa safi. Kioo kilikuwa na ukungu.