Shuka la Marlys Kwenye Maua ya Signe

"Hili ni shuka la kitanda changu, Signe. Limefikaje kwako?"

Marlys alikuwa amesimama katikati ya bustani ya jirani yake, koti juu ya nguo ya kulalia, ameshika pindo la shuka la maua ya buluu. Chini yake maua ya dalia ya Signe yalikuwa mazima, yanawaka wekundu. Usiku ule jalidi ya kwanza, barafu nyembamba inayounguza mimea, ilikuwa imeanguka, na Agosti haijaisha. Fairbanks, mji wa kaskazini ya mbali, ndivyo ilivyo.

"Muulize mumeo, bibie," Signe alijibu, kikombe cha kahawa mkononi. "Jana alinitumia ujumbe."

"Nionyeshe."

Marlys akasoma: "Redio imesema jalidi. Nakuja kufunika maua yako. Asubuhi nitayapiga picha. Vern."

Wivu ukampanda Marlys. Kiangazi kizima Vern anadai anajenga baraza ya mbao nyuma ya nyumba, na baraza hadi leo haina ngazi. Kumbe fundi ana ujenzi mwingine!

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Bafuni, mpenzi."

"Toka, na kamera yako. Niko kwa huyo wako."

Vern akaja mbio, kamba za viatu zikiburuta.

"Mke wangu, wallahi hapa hakuna kitu."

"Shuka langu linalala nje, tena kwa mwanamke mwingine, halafu hakuna kitu?"

Signe akaangua kicheko. "Shoga, huyu hata haniangalii! Kila siku ni 'Signe, sogea, kivuli chako kinaharibu picha.' Mchukue bwana wako, mie niachie maua yangu."

Marlys hakucheka.

"Na nyanya zangu, Vern? Umezifunika na nini?"

Vern akageuka kutazama bustani yao. Nyanya zile Marlys alizilea dirishani tangu theluji iko magotini. Sasa majani yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto.

"Nilisahau."

"Hukusahau. Ya jirani uliyakumbuka mpaka ukavua kitanda chetu. Afadhali ungempenda Signe, ningejua pa kugombana. Na maua nitagombana vipi?"

Vern akavua kamera shingoni, akamkabidhi Signe bila kumtazama.

"Nifukuze, Marlys, au nipe kazi. Usininyamazie tu."

"Kalete ndoo."

Wakachuma nyanya za kijani zilizosalimika ndani ya matawi, wameinama bega kwa bega. Jikoni Marlys akamsukumia kisu na rundo la vitunguu vya achari ya nyanya hizo. Vern akakata, akakata, mara mabega yakaanza kutikisika.

"Ni kitunguu hicho, au ni mimi?"

"Ni wewe."

Marlys akavuta kiti chake mpaka magoti yakagusana.

"Haya, nimekusamehe. Ila hasira bado ninazo, usinisemeshe mpaka chupa zote zijae. Na kata vyembamba, baba, hizo si kuni."