Bwana Haiko

Viatu viligeuka.

Jioni Emérence aliviacha kwenye barza, vinaangalia barabara kama vya mutu aliye tayari kwenda kazini. Asubuhi akavikuta vinaangalia mulango. Tena vilikuwa vimelowa, na mvula haikunyesha. Akasema ni mbwa. Mbwa wa Kadutu wana akili nyingi, lakini sijaona bado mbwa anayepanga viatu kisigino kwa kisigino.

Vilikuwa viatu vya Apollinaire, bwana aliyemuacha. Apollinaire alikuwa mwanaume wa kuchana nywele, si wa kufikiri. Alipopata binti mwingine kule Bagira, alimupeleka Emérence mbele ya tribunali, akasema amechoka na bibi asiyemuzalia mutoto wa kiume. Wazee wa tribunali, ambao wao wenyewe walikuwa na njia zao za kwenda Bagira, wakasema sawa. Mutoto wao Sophie wakamupa baba. Mashini ya kushona wakamuachia mama. Viatu alivisahau mwenyewe.

Wakati ule wasungu walikuwa wametoka kuurudishia mji jina lake la Bukavu, lakini ruhusa ya kukaa ndani ya mji hawakumurudishia mutu. Mweusi alikaa Kadutu kwa kibali. Mwanaume alikipata kwa kazi yake, mwanamuke kwa bwana yake. Emérence alikuwa Mulega wa Mwenga. Aliingia mjini kwa jina la Apollinaire, na jina lile likitoka, yeye alikuwa tu mugeni aliyesahau kuaga. Kamyo, lile lori la serikali la kumurudisha kwao, ingeweza kuja siku yoyote.

Mwenga yenyewe haikumutisha. Alijua kulima kabla ya kujua kushona. Kilichomutisha ni Sophie. Mutoto alisoma kwa masere, wale watawa wa karibu na kanisa, na akitoka masomo alipita kwa mama kula kitu kidogo kabla ya kwenda Bagira. Mama akiwa Mwenga, mutoto angepita kwa nani?

Ndiyo maana jirani yake, maman Séraphine, Mushi, mwenyeji wa hapo, mwenye sauti ya sokoni hata akiwa anasali, alimupa shauri la viatu.

"Weka vya mwanaume kwenye barza," alimuambia. "Polisi akiona viatu, anajua kuna miguu. Hataomba kuona kichwa."

Lakini polisi aliomba kuona kichwa.

Polisi wa mtaa aliitwa Raphaël. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu wa kofia. Alikuja saa za mchana, mawingu yamekaa chini juu ya ziwa, akasimama nje ya barza na kusafisha koo.

"Hodi. Bwana iko?"

"Iko ndani, analala," Emérence akajibu, bila kuacha kukanyaga mashini.

"Bwana gani, maman Sophie? Apollinaire alikuacha, Kadutu yote inajua. Hata mbuzi zinajua."

"Nani amekuambia ni Apollinaire? Niko na bwana."

"Anaitwa nani?"

"Bwana anaitwa bwana. Unataka nimuite jina kama mutoto?"

Raphaël akacheka, lakini hakutoka. "Basi amuke. Nimuone sura, niende nikawaambie wakubwa."

Emérence akafungua mudomo kutafuta uongo mwingine. Na hapo, nyuma ya rido, lile pazia la chumba cha kulala, ndani ya nyumba ambamo hamukuwa na mutu, mwanaume akakohoa.

Alikohoa pole pole, kama mutu mwenye nyumba yake. Kisha kitanda kikalia.

"Nani anasumbua bibi yangu?"

Sauti ilikuwa nzito, ya heshima. Raphaël akavua kofia, kitu ambacho hakukifanya hata mbele ya padri.

"Pardon, papa. Ni kazi tu, papa. Lala, papa." Akageuka kwa Emérence na kunong'ona: "Ungesema kama ni mutu mukubwa!" Akashuka njia, anakimbia mvula iliyokuwa inakuja.

Emérence alibaki na muguu juu ya mashini. Alikaa hivyo mpaka mvula ikaanza kupiga mabati. Kisha akachukua mukasi, akasogeza rido. Kitanda kilikuwa na shimo katikati, la mutu muzito aliyetoka kulala. Akagusa. Kulikuwa na joto. Na chumba kizima kilinuka makaa yaliyomwagiwa maji.

Mutu mwenye busara angetoka siku ile ile. Lakini mutu mwenye busara hana mutoto Bagira. Emérence akajiambia: kama ni pepo, basi ni pepo lenye kazi. Na kweli, Raphaël hakurudi kuuliza. Akipita, alivua kofia kwa mbali na kusalimia mulango. Maman Séraphine akaja na ndizi za kupongeza.

"Umetuficha, ee? Namusikia anatembea jioni. Mwanaume muzito kabisa! Hata mimi sakafu yangu inatikisika."

"Unamusikia?"

"Nisimusikie niko kiziwi? Anakuimbia ukishona. Wangu hata jina langu anasahau."

Emérence hakuwahi kusikia wimbo wowote.

Kuanzia hapo hakuwa tena na nyumba, alikuwa anakaa kwa mutu. Kiti kilivutwa akiwa jikoni. Chakula alichofunika kilikutwa kimekwisha, na sahani imelambwa ikawa nyeupe. Ile harufu ya makaa ilimufuata mpaka kanisani. Watu wa benchi yake waligeuka wakiangalia nguo yake, kama kuna mahali inaungua. Na jioni moja, alipokuwa anamaliza gauni ya harusi ya mutu, aliinama kukata uzi, akaona kwamba anachoshika si gauni, ni shati ya mwanaume, imekatwa katika kitambaa cheupe cha yule biarusi, imeshonwa kwa mushono wake yeye mwenyewe, ule mushono mudogo ambao hakuna mwingine Kadutu aliujua, na kola iko sawa, na vifungo viko sawa, lakini alipoinyanyua juu ili aione vizuri, mikono ya shati ilishuka, ikashuka, ikapita goti lake, ikafika chini, na bado kulikuwa na kitambaa kimekunjwa sakafuni.

"Imenikaa vizuri," ikasema sauti nyuma ya sikio lake.

Hakugeuka. Ni jambo moja la akili alilolifanya.

Hata hapo alikaa. Msimucheke. Alikuwa anahesabu kitu kimoja tu: mutoto amekuja, mutoto hajaja.

Siku ya alhamisi Sophie akaja, na daftari zake chini ya kwapa, analia njaa. Mama akamukalisha kwenye barza, akamukataza kuingia ndani, akateremka kuchota maji kwenye bomba. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wanagombana kama kawaida. Aliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama, na barza ilikuwa tupu. Viatu vya mutoto vilikuwa karibu na vile vikubwa. Ndani alisikia mutoto anacheka.

Akaacha ndoo ianguke.

Sophie alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imefunguliwa pembeni kama mutu anayepimwa nguo. Utepe wa kupimia ulikuwa umezunguka kifua chake. Upande mumoja wa utepe ulikuwa umeshikwa juu, hewani, na hakuna aliyeushika.

"Mama, papa huyu ananichekesha na vidole vyake!"

"Papa gani?"

"Papa wa hapa. Ananipima. Anasema kwao kuna mwenye kutafuta bibi, nikikomaa atanipeleka."

Utepe ukaanguka chini. Emérence akamubeba mutoto juu ya bega, mutoto mukubwa vile, akatoka naye bila viatu mpaka Bagira, akamusukuma kwa Apollinaire mulangoni na kumuambia asimuruhusu tena kupita Kadutu. Apollinaire akauliza kama amerukwa na akili. Alikuwa anachana nywele.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mwalimu Assumani. Muzee yule alikuwa Muislamu, mutu wa Kasongo, aliishi chini ya soko. Wakatoliki walimucheka mchana na kumupigia hodi jioni. Alimusikiliza Emérence mpaka mwisho, tasbihi inatembea katika vidole.

"Ulimuita na jina gani?"

"Sikumuita, muzee. Nilisema tu niko na bwana."

"Bwana nani?"

"Bwana tu."

Tasbihi ikasimama. "Ni hapo. Ungetaja mutu, uongo ungekaa na yule mutu. Wewe uliweka viatu visivyo na miguu, kisha ukatangaza kiti kisicho na mutu, mbele ya serikali. Majini wanaotembea bila makao ni wengi, mama. Hata wao wanatafuta kibali."

"Muondoe."

"Nitamusukuma. Lakini mulango ulifungua wewe kwa neno, utaufunga kwa neno. Pale pale kwenye barza, mbele ya yule yule polisi, utasema: sina bwana. Ni hilo tu. Usiongeze, usipunguze."

"Nikisema hivyo mbele ya Raphaël, wataniweka kwenye kamyo."

"Ndiyo."

"Hakuna dawa ingine?"

"Iko ingine kwa mwenye shida ingine," muzee akasema, akaanza kufunga ubani katika kitambaa.

Wakakusanyika jioni ile ile, kabla giza halijashika: muzee na chetezo chake, Raphaël na kofia yake, maman Séraphine aliyekuja bila kuitwa. Emérence akasimama katikati ya barza. Muzee akaanza kusoma, sauti ya chini, moshi unaingia chini ya mulango. Mabati yakaanza kulia kama yanakanyagwa. Ile harufu ikatoka nzito mpaka Raphaël akaziba pua. Ndani vitu vikaanguka, mashini ikazunguka yenyewe kwa kasi, sindano inapiga chuma.

"Sema," muzee akasema.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mulango, tulivu, bila hasira, na kila mutu akaisikia.

"Emérence. Fikiri vizuri. Nani alikuweka hapa? Apollinaire? Tribunali? Ni mimi. Nikitoka, unatoka. Nani atamupa mutoto chakula akitoka masomo?"

"Sema, mama!"

Alifungua mudomo. Neno lilikuwa pale, limeiva. Lakini aliona macho ya Raphaël yanamungojea, akaona kamyo, akaona barabara ya Mwenga na vumbi lake, akaona mutoto anapita mbele ya nyumba hii na kukuta watu wengine, na ulimi wake, ambao ulikuwa umezoea kudanganya polisi kuliko kusali, ukachagua wenyewe.

"Bwana haiko," akasema.

Mulango ukafunguka kwa nguvu. Kitu kikapita kati yao, baridi kama kamba ya kisima, kofia ya Raphaël ikaruka mpaka barabarani. Viatu vikabaki tupu, vimelala upande. Halafu kimya. Harufu ikakwisha.

"Ametoka!" maman Séraphine akapiga kelele. "Yezu Maria, ametoka!"

Raphaël akaokota kofia, akaipangusa, maana kazi ni kazi. "Haiko, maman Sophie? Maana yake amesafiri?"

Emérence hakumuangalia muzee. "Amesafiri."

"Basi sawa. Mwenye amesafiri bado ni bwana. Utakaa."

Mwalimu Assumani alizima makaa, akafunga kitambaa chake. Kuku wa malipo yake hakumugusa.

"Sikukutuma kusema vile," alimuambia kwa sauti ndogo. "Mutu ambaye haiko, anarudi."

Emérence alivitupa viatu ziwani upande wa Nguba, akaichoma ile shati. Alienda kwenye mulango wa masomo ya masere, akamukataza Sophie asikanyage tena Kadutu. Nyumba alibaki nayo, kibali alibaki nacho, na mutoto ambaye kwa ajili yake alivitaka vyote, alimuona tu kupitia fensi ya masere.

Majira ya mvula yakaingia. Alhamisi moja alirudi kutoka soko mapema, mvula inamupiga, akaona kwenye barza yake viatu vikubwa vinaangalia mulango, vinatiririka maji ya ziwa. Pembeni yake, kisigino kwa kisigino, vilikuwa viatu vidogo vya masomo.

Ndani mutoto alikuwa anacheka.

Akaingiza ufunguo. Ufunguo haukuzunguka. Akasukuma kwa bega, akapiga kwa ngumi.

"Sina bwana!" akalia. "Sina bwana! Sina bwana!" Barza ilikuwa tupu. Raphaël hakuwako, maman Séraphine hakuwako, barabara nzima ilikuwa mvula. Hakukuwa na hata mutu mumoja wa kumusikia, isipokuwa yule aliye ndani.

Kicheko kikasimama. Hatua nzito zikakuja mpaka nyuma ya mulango, polepole.

"Nani iko inje?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Emérence. Nipe mutoto wangu. Fungua, ni kwangu hapa!"

"Hapa ni kwa mwenye nyumba," sauti ikajibu, tulivu, ya heshima. "Mugeni anajua namna ya kuingia kwa watu."

Ndani, mutoto akauliza kwa sauti ndogo: "Papa, ni nani?"

Emérence akaweka paji la uso juu ya ubao. Maji yalimuingia mudomoni.

"Hodi," akasema.

Wakamungojesha kwanza.

"Karibu, mama," ikasema sauti, na ufunguo ukazunguka kutoka ndani.