Swali Lililomwinua Mzee Gidamis

Kila asubuhi Tekla na mama yake, Philomena, huuza maziwa karibu na stendi ya Katesh. Baba yake, Yonas, yuko kijijini Getanuwas na mifugo. Maziwa huja kwa pikipiki. Wao huyachuja, huyapima na kuyauza.

Tekla ana cheti cha biashara. Alirudi nacho kutoka chuoni akakiweka kabatini. Kila ofisi aliyoingia ilimuuliza kama ana uzoefu. Kila mara alijibu kwamba hana.

Haikuwa kweli, lakini alikuwa amefundishwa kuamini hivyo. Shuleni walituambia kwamba kuuza maziwa si kazi, kuchunga si kazi, na kulima kwa jembe si kazi. Kazi ni ya mtu mwenye meza. Waliwaambia hivyo babu zetu, wakatuambia sisi, na sisi tukawaambia watoto.

Jirani yao, Konsolata, ana duka la simu na taa za sola. Siku moja alikuja kununua maziwa.

"Tekla, kuna kampuni ya teknolojia imekuja kutoka Arusha. Wanatafuta afisa mauzo kijana."

"Dada Konsolata, mimi kompyuta naijua kidogo tu."

"Nani kakuambia utatengeneza kompyuta? Watengenezaji wanao. Wanataka mtu wa kuongea na wateja. Wanauza kola ya ng'ombe. Unamvisha shingoni, halafu simu inakuonyesha alipo."

Philomena alicheka. "Ng'ombe naye anapigiwa simu. Mimi bado natumia ya tochi."

Tekla aliandika maombi. Konsolata aliyasoma, akamwambia aongeze habari za maziwa.

"Watanicheka," Tekla alisema. Hakuongeza.

Aliitwa kwenye usaili. Kabla ya kwenda alitazama video nyingi kwenye simu. Vijana waliovaa tai walifundisha jinsi ya kuuza. Aliyakariri maneno yao yote.

Usaili ulifanyika mnadani, katikati ya vumbi na ng'ombe. Mkuu wa mauzo aliitwa Theodory. Alimpa Tekla kola mkononi.

"Sitakuuliza mambo ya darasani," alisema. "Nafasi ya wilaya hii ya Hanang ni moja tu. Mteja wako ni yule mzee aliyekaa pale. Muuzie. Mimi nasikiliza."

Tekla alisogea. Mzee akamgeukia. Alikuwa Mzee Gidamis wa Getanuwas, rika moja na baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Yonas. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

Mzee alikuwa bado anasalimia. Alitaka kujua habari za baba, za mvua na za malisho. Lakini Tekla alikumbuka kwamba Theodory anasikiliza. Akataka aonekane msomi. Akamkatiza mzee katikati ya salamu.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Wazee waliokaa karibu waligeuka wote. Mzee Gidamis alimtazama kama vile hamjui. Kisha alichukua fimbo yake, akainuka, akaondoka bila kuaga.

"Kumetokea nini?" Theodory aliuliza. Tekla alimrudishia kola.

"Mbona swali lako lilikuwa sahihi," Theodory aliendelea. "Ndilo la kwanza kwenye mafunzo yetu. Tunamuuliza kila mfugaji."

Tekla alishtuka. Kila mfugaji?

"Basi, tutakupigia," Theodory alisema.

Nyumbani, Philomena alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliweka chini kipimo cha maziwa.

"Ulimuuliza nini?"

"Wangapi."

"Mwanangu, mimi nimeolewa na baba yako miaka yote hii. Sijawahi kumuuliza hilo."

Kwa wafugaji wa Hanang, ng'ombe wa mtu hawatajwi idadi ovyo. Kuwataja ni kuwaitia mabaya. Wala si imani peke yake. Wazee wanakumbuka watu waliokuja na kalamu kuhesabu. Baada ya hesabu ilikuja amri kwamba ng'ombe ni wengi mno. Baada ya amri yalikuja matrekta, na malisho yakawa mashamba ya wengine. Hakuna aliyerudi kuomba radhi. Kwa hiyo mgeni akiuliza wangapi, mfugaji anajiuliza safari hii wanataka kuchukua nini.

Tekla aliyajua haya tangu utotoni. Siku ya usaili aliyaacha nyumbani, kwa sababu alidhani teknolojia haiwataki watu wa kwao.

Jioni alimsimulia Konsolata.

"Uliuliza swali la kukusaidia wewe," Konsolata alisema. "Uliza la kumsaidia yeye. Mtu akija dukani kwangu, simwambii nguvu ya taa. Namuuliza watoto wanasomaje usiku. Akishanieleza, najua nimwonyeshe taa gani. Au namwambia sina inayomfaa."

"Si ataondoka?"

"Ataondoka, na atarudi. Niliyemdanganya ndiye harudi. Tena anaondoka na ukoo mzima."

"Kazi yenyewe nimeshaikosa, dada."

"Amesema hapana?"

"Amesema atapiga."

"Basi hajasema hapana. Nenda kwanza kwa mzee, ukamwombe radhi. Halafu mwandikie huyo bosi. Usikae unaitazama simu."

Tekla na mama yake walikwenda Getanuwas na asali ya kuombea radhi. Mzee Gidamis aliwapokea, lakini hakusema mengi.

"Nilidhani umetumwa kuhesabu," alisema mwishowe.

"Sikutumwa, mzee. Nilitaka nionekane msomi. Naomba unisamehe."

"Usomi gani wa kumsahau baba yako?" Lakini alikuwa ameanza kutabasamu. Akaagiza chai.

Walipokwisha kunywa, Tekla aliuliza, "Mzee, mnyama akipotea huwa mnafanyaje?"

Hapo mzee alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza jinsi vijana wanavyotembea porini bila kula. Alieleza habari za ng'ombe mwenye mimba aliyepotea kiangazi, wakaokota ngozi tu. Tekla hakumkatiza.

"Na hicho kidude chenu," mzee aliuliza, "kinaona kila mahali?"

"Hapana, mzee. Pasipo na mtandao hakionyeshi. Kule bondeni hata simu yangu ilikata."

Mzee alishangaa. "Wewe unauza au unanizuia nisinunue?"

"Nauza. Lakini sitaki kesho useme nilikuficha."

"Mlete bosi wako. Tumvishe ng'ombe wangu mmoja mtoro tuone. Akiuliza wangapi, afungashe."

Tekla alimwandikia Theodory ujumbe mfupi. Alimshukuru kwa usaili. Alieleza kosa lake, na kwa nini swali lile linafukuza wateja. Alisema Mzee Gidamis yuko tayari kujaribu kola moja.

Theodory alipiga simu mara moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

"Tumezunguka minada yote ya huku, hakuna aliyenunua. Ofisini tumeandika kwamba wafugaji wanaogopa teknolojia."

Mzee Gidamis ana simu mbili, tena moja ni ya kisasa. Lakini ndivyo tunavyoandikwa. Mtu anatutukana, tunaondoka, naye anaandika kwamba tunaogopa.

"Umewahi kuuza kitu chochote?" Theodory aliuliza.

"Nauza maziwa kila siku. Kuna mama wa hoteli alituacha. Nilikwenda kumuuliza sababu, kumbe tulichelewa kumpelekea. Tukabadilisha saa, akarudi."

"Kwa nini hukuliandika hilo? Ndilo nililokuwa natafuta. Basi, nafasi ni yako."

Tekla alitaka kukubali palepale. Lakini Konsolata alikuwa amekaa karibu yake. Zamani alitumikishwa kwa kamisheni tupu, akatembea vijiji vingi na kurudi mikono mitupu. Alikuwa amemfundisha Tekla la kuuliza.

"Nashukuru sana, kaka Theodory. Kabla sijakubali naomba kujua. Kuna mshahara, au ni kamisheni peke yake? Nauli ya kufuata wateja ni ya nani? Na mkataba nitausoma lini?"

"Wengine hawaulizi hayo," Theodory alisema.

"Mimi nauliza sasa, ili tusije tukagombana baadaye."

"Itabidi niongee na wakubwa."

"Nitasubiri."

Philomena alishika kichwa. "Umepewa kazi, unamwambia asubiri?"

"Mwache, Mama Tekla," Konsolata alisema. "Ameanza kuuza."

Mkataba ulikuja. Ulikuwa na mshahara, kamisheni na nauli. Tekla na Konsolata waliusoma mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi.

Leo Tekla anauza kola kutoka Katesh mpaka Haydom. Lile swali limeondolewa kwenye mafunzo. Vijana wapya wa kampuni hupelekwa kwake kwanza. Siku ya kwanza hawauzi chochote. Wanasalimia mpaka salamu ziishe. Wanamuuliza mfugaji mnyama akipotea anafanyaje, kisha wananyamaza wamsikilize. Wengi wao hushtuka kwamba wanalipwa kwa kunyamaza.