Humo Ndani Yumo Dada Yangu

Ko. Ko. Ko. Nyundo za mbao zilikuwa zikiponda magome uani nyumbani kwa kina Silia, na kabla hajafungua dirisha Silia alishajua kwamba kati ya kina mama wanaotengeneza ngatu, nguo ya magome, ameketi Alisi. Pigo moja lilikuwa na hasira kuliko mengine.

Akashuka uani.

"Leo tena umetoka darasani?"

Alisi hakuinua macho. Alikuwa na miaka kumi na sita, kesi moja ya wizi wa dukani, na sharti moja la hakimu: Jumamosi kumi na mbili kwenye kituo cha vijana, la sivyo jela. Silia, mwalimu wa pale, alijitolea kumlea. Lakini wiki tatu hizi Silia alikuwa akimuuguza mama yake, na darasa akamwachia Fatai, mchumba wake. Mara zote tatu, Fatai akiingia, Alisi alitoka.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Fatai: "Nimechoka kudharauliwa. Ripoti nimeshaipeleka mahakamani. Nimeandika amekataa malezi. Kesi ni Jumatatu."

Silia akausoma mara mbili. Akachuchumaa.

"Fatai amekukosea nini? Niambie, Alisi. Jumatatu watakufunga."

"Hajanikosea. Babu yake na babu yangu ni wa tumbo moja. Mimi ni dada yake, mwalimu. Nikae naye chumba kimoja, anatuwekea sinema watu wanabusiana?"

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nani anataka kuambiwa dada yake ni mwizi?"

Nyundo zote zikanyamaza. Hakuna mama pale aliyehitaji kuelezwa. Binamu ni dada, na dada hakai na kaka yake penye mambo ya mapenzi. Watoto wa Nuku'alofa, hapa Tonga, hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Fatai alikulia ng'ambo, Auckland. Heshima ilimsimamia usoni mara tatu, akaiita dharau.

Silia akampigia. Fatai alipokea kwa furaha, akamuuliza kama amekula. Silia akamweleza yote, na mwisho akamwambia:

"Huyo ndiye shangazi wa watoto tutakaozaa, Fatai. Kwa mila zetu ndiye wa kuwapa majina. Na wewe unampeleka jela."

Furaha ikamtoka Fatai sautini.

"Nikiikana ripoti yangu mwenyewe, nani ataniachia tena kijana wa mtu? Wataniondoa kituoni."

"Na yeye je?"

"Nipe muda nifikiri."

"Fikiri. Pete nimeivua, nimeishika mkononi. Ukimaliza utajua kama unakuja kuichukua au kunivisha."

Jumapili ilikuwa ndefu kama mwezi. Ofisi zimefungwa, barabara tupu, nyimbo za kanisani tu. Silia aliimba bila kusikia anachoimba. Simu kwenye mkoba haikulia hata mara moja. Alisi alilala kwa Silia, akakisogeza chakula pembeni, akauliza kama jela wanaruhusu kuponda ngatu. Silia akamsogezea tena sahani.

Jumatatu asubuhi hakimu aliisoma ripoti kwa sauti. Amekataa malezi. Akauliza kama aliyeiandika yupo. Karani akaita jina la Fatai mara moja, mara mbili. Silia alikuwa ameikaza pete kiganjani mpaka inauma.

"Nipo, mheshimiwa."

Sauti ilitoka nje. Fatai alikuwa amesimama barazani, amejifunga kiunoni mkeka wa heshima kama mila inavyotaka, mgongo kwa mlango.

"Ingia ndani tukuone."

"Naomba nisemee hapa, mheshimiwa. Humo ndani yumo dada yangu."

Mtu mmoja akacheka. Hakimu akamwambia mahakamani hapana kosa kaka na dada kuwa pamoja.

"Najua. Ila nilimlazimisha kuketi nami pasipofaa, na alipoondoka kwa adabu nikamwandika mkaidi. Ripoti ni ya uongo, na uongo ni wangu. Kama kuna wa kufukuzwa kituoni, ni mimi."

Hakimu alimtazama Alisi, ambaye machozi yalikuwa yakimdondokea magotini. Akaikunja ripoti mara mbili, akaagiza binti amalize Jumamosi zake chini ya Silia. Habari za Fatai, akasema, kituo kitaamua.

Silia akatoka barazani. Alimwekea Fatai pete kiganjani, kisha akanyoosha kidole chake. Fatai akamvisha. Ndipo akaugeukia ukuta wa mbao, akapaza sauti ili aliye ndani asikie:

"Alisi, dada yangu, mtoto wetu wa kwanza jina atapewa na wewe. Hatapewa na mtu mwingine."