Amin ya Biasha

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Biasha na Rabia walikwenda kuteka maji katika mto uliokauka, nje ya kijiji cha Nandagala. Mwaka ule wa 1958 kiangazi kilikuwa kikali. Kisima walichokichimba mchangani kilikuwa kimekwenda chini sana hata mtu akisimama ndani haonekani kichwa. Kazi ilitaka watu wawili: mmoja ashuke na kuchota polepole kwa kata, mwingine apokee juu na kumimina mtungini. Mwenye kushuka alikuwa Biasha. Rabia alibaki juu, akimwimbia mwenzake asiogope giza.

Jumamosi moja alasiri wanakijiji walikutana uwanjani kuzungumzia uhuru. Aliyeuongoza mkutano alikuwa Shaibu, baba mdogo wa Biasha, mtu mwenye sauti ya kuamsha mji mzima. Aliyesimama kumpinga alikuwa Mzee Kaimu, baba yake Rabia. Zamani kidogo Kaimu aliendesha trekta kule Nachingwea, katika mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu.

"Mimi nilikuwako," alisema Kaimu. "Walikuja na mitambo, wakaja na reli, na karanga zikawashinda! Leo nyie mnataka nchi nzima kwa vigelegele? Tungoje kwanza, watoto hawa wasome."

"Ziliwashinda wao!" Shaibu akamjibu. "Bibi zetu walizilima kwa jembe la mkono, tukala, tukauza. Au ulipopanda trekta ulisahau njia ya shamba la mama yako?"

Watu wakaangua kicheko. Kaimu hakucheka.

"Wahuni nyie! Mtatuletea njaa," alisema, akaenda kusimama pembeni, kisha akaondoka zake.

Neno hilo liliwachoma watu, na Biasha likamchoma zaidi. Alikuwa akimheshimu baba yake mdogo kuliko mtu yeyote kijijini. Ulipofika wakati wa kufunga mkutano, Shaibu aliinua mikono kuomba dua, na wote wakainua yao. Aliomba mvua. Watu wakaitikia amin. Aliomba afya, wakaitikia. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Na huyu anayetupinga, Kaimu bin Mohamedi, Mwenyezi Mungu asimfikishe Idi!"

"Amin!" Sauti ya Biasha ilizipita zote.

Ndipo alipogeuka akamwona Rabia ubavuni pake. Mikono ya Rabia ilikuwa bado juu, viganja wazi, kama alivyoiinua kuomba mvua. Alikuwa amesahau kuishusha.

Kesho yake Rabia hakuja kisimani. Biasha alijaribu peke yake: akachota, akapanda na kata mkononi, nusu ya maji ikamwagikia mguuni. Akashuka tena, akapanda tena. Jua lilipochomoza maji hayakuwa yamefika hata shingoni mwa mtungi. Siku iliyofuata mambo yakawa yale yale. Jioni akaenda kwa kina Rabia.

Alimkuta ameketi kizingitini, mlangoni pa chumba cha baba yake, macho mekundu.

"Mbona huji kisimani?"

"Namlinda baba. Anakohoa."

"Ni vumbi la ufuta tu, Rabia. Kila mtu anakohoa."

"Lakini si kila mtu ameombewa asiione Idi." Rabia hakupaza sauti. "Watu wengi waliitikia. Mimi niliisikia amin yako."

"Nilikuwa na hasira. Alituita wahuni!"

"Kwa hiyo afe?"

Ndani, Kaimu alikohoa, kisha akaita, "Rabia! Nani huyo, Biasha? Mpe muhogo, mtoto wa watu asiondoke na njaa."

Biasha alipewa kipande cha muhogo. Akaondoka nacho mkononi bila kukiuma.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Maalim Yunusi, mwalimu wao wa Kurani, akamkuta anasuka ukili wa mkeka.

"Maalim, amin inaweza kurudishwa?"

Maalim alisikiliza habari yote bila kumkatiza. "Mungu hatumwi na watu wenye hasira, mwanangu," alisema. "Kaimu hatakufa kwa sababu ya mdomo wako."

"Basi hakuna kilichoharibika?"

"Kimeharibika. Mtoto aliyeinua mikono kuomba mvua amesikia baba yake akiombewa kaburi, na wewe rafiki yake ukaitikia. Sikiliza, Biasha. Maneno ya Kaimu yapinge mpaka sauti ikukauke, hiyo ni haki yako. Hata mimi nayapinga. Lakini ukimtakia kifo, hushindani tena na maneno yake. Umesahau kuwa ni mtu, na ana mtoto anayemlinda mlangoni. Uliitikia mbele ya watu. Nenda ukaifute amin hiyo mbele ya watu."

Jumamosi iliyofuata Kaimu alifika tena mkutanoni, anakohoa lakini hanyamazi. Yeye na Shaibu wakabishana hata kivuli kikarefuka. Shaibu alipotaka kufunga, Biasha akasimama.

"Baba mdogo, naomba leo dua niombe mimi."

Shaibu akatabasamu, akamruhusu. Mikono ikainuliwa.

"Ewe Mola, mponye Mzee Kaimu kifua chake. Mfikishe Idi hii na nyingine nyingi, auone uhuru kwa macho yake, akubali kwamba alikosea."

Ikasikika sauti moja nyembamba: "Amin." Ilikuwa ya Rabia. Maalim Yunusi akaitikia, na mwingine, na mwingine.

"Amin," akasema Kaimu mwenyewe. "Ila hilo la mwisho halimo!"

Watu wakacheka, safari hii pamoja naye. Shaibu peke yake alikunja uso.

"Biasha! Umetuaibisha mbele ya mpinzani wetu. Waombe watu radhi, sasa hivi!"

Biasha alimtazama Rabia, akamtazama baba yake mdogo.

"Kwa ile amin ya kwanza, namwomba radhi Mzee Kaimu na binti yake," alisema. "Kwa dua hii, baba mdogo, siombi."