Mwanamke wa Vidoti Aliyekataa Kugeuka

Fundi Doti alikuwa mchoraji wa picha za pikseli, zile za vidoti vya mraba kwenye michezo ya simu, na kwa ufundi wake, nisikudanganye, angemchora sisimizi mpaka ukamjua mama yake. Ila tangu kompyuta zipate akili bandia alikuwa hachori tena hata jicho. Anaandika maneno mawili, mashine inatapika picha, yeye anakunywa chai.

Siku hiyo, saa nane mchana, akaagiza mwanamke wa kijijini, anatembea, aonekane pande zote nne. Mashine ikaleta mgongo. Akaagiza uso, ukaja mgongo. Akaagiza mara elfu tatu, haya basi, mara arobaini. Mgongo tu. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Wewe mama, uzuri gani huo unaotuficha?" akamtania.

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Mume wangu, umeanza kutongoza vidoti?"

"Hana uso huyu. Nitamwazima wako."

"Mwazime, ila asinizeeshe!"

Wachoraji wa siku hizi ndivyo wafanyavyo: mashine ikikaidi, unaitupia picha ya mtu halisi iige. Akaitupia picha ya mkewe. Mwanamke wa vidoti akageuka papo hapo, sura ya mkewe kabisa, hadi alama ya kuzaliwa shavuni.

Jikoni, kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Mke wangu?"

Alimkuta amesimama mbele ya sinki, amempa mgongo. Akazunguka kushoto, mgongo. Akazunguka kulia, mgongo, akapanda juu ya sinki lenyewe na kujibana ukutani ili amtazame kutoka mbele, na pale palipopaswa kuwa na pua na macho na ule mdomo uliokuwa unamcheka sasa hivi, palikuwa na kisogo kingine, nywele zimesukwa vizuri, zinanuka kuungua, huku kule chumbani kompyuta ikigongwa kutoka ndani, tk, tk, tk, polepole, kama kucha ya mtu anayejua hakuna atakayemfungulia.

Akarudi mbio. Kwenye skrini uso wa mkewe ulikuwa unafunga na kufungua mdomo, bila sauti.

Akamwita mama wa nyumba ya pili, mtoa majini, mwenye sauti ambayo ikipaa paka huhama mtaa. Leo mama huyo alinong'ona.

"Baba, umekutana na jini lisilo na uso, ukalipatia uso. Nani alikutuma?"

"Nilikuwa na haraka, mama. Nikiifuta hiyo picha?"

"Ukifuta umemzika mkeo. Halirudishi uso mpaka lipewe mwingine. Na mimi usiniangalie hivyo!" Akajifunika mtandio usoni, akatoka.

Mkewe alikuwa amefika mlangoni, mgongo mbele, masikio yake mawili yamesikia kila neno.

Fundi Doti hakufikiri mara mbili. Akajipiga picha, akaitupia mashine.

Na mara akawa ndani, kwenye kiboksi chenye pande nne na hakuna ya tano, miguu si yake ikimtembeza hatua tatu kushoto na kumrudisha pale pale, hatua tatu kulia na kumrudisha pale pale, bila kuchoka, bila kusimama, na kitu kilichovaa uso wake kikimpumulia ndani ya mashavu yake mwenyewe pumzi ya nywele zilizoungua, wakati huko nje, mkubwa kama jengo la ghorofa, mkewe alikuwa anajipapasa pua, anajipapasa midomo, analia kwa furaha, mpaka alipogeuka akamwona mumewe kitini akiwa mgongo mtupu.

Akainama kwenye skrini. "Usiogope, mume wangu. Si linataka uso tu? Nakutoa sasa hivi."

Akapekua simu yake, akachagua picha. Fundi Doti akaiona ikiingia: ile ya siku ya harusi yao, koo zote mbili, watu zaidi ya mia wamejipanga kwenye ngazi, watoto mbele.

Akapiga kelele asitume. Lakini mdomo wake ulikuwa na picha mbili tu, ya kufunga na ya kufungua.

"Ehe, haraka, nimekuelewa," mkewe akanong'ona, na akabonyeza.