Mratibu Hakujua Utani

Kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili alfajiri, vikuku milioni tatu vilitetemeka katika jiji la Dodoma. Havikutetemeka kwa pamoja. Kila kimoja kilisubiri dakika ambayo mwenye nacho alikuwa ameshiba usingizi, ndipo kikamgusa taratibu kwenye kifundo cha mkono. Mapazia-jua yalijikunja yenyewe madirishani. Nje, njia-hai zikawaka rangi ya kijani kibichi. Zilikuwa barabara za waenda kwa miguu, zilizotandikwa vigae vinavyopokea uzito wa hatua na kuugeuza kuwa umeme wa taa. Aliyetembea asubuhi aliwasha taa ya jirani yake usiku.

Haya yote yalipangwa na Mratibu. Mratibu hakuwa mtu. Alikuwa akili-unde ya jiji, iliyosoma vikuku vyote na kumpangia kila mkazi siku yake: saa ya kuamka, glasi za maji, njia ya kutembea, dakika za kuvuta pumzi kwa utulivu, saa ya kulala. Katika miaka tisa kisukari kilipungua kwa nusu. Hospitali kuu ilifunga wodi mbili kwa kukosa wagonjwa, na moja ikageuzwa maktaba.

Sechelela Chiwanga aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mhandisi wa mazoea, yaani mmoja wa watu waliomfundisha Mratibu tabia zinazomjenga mwanadamu na zinazombomoa. Lakini Jumatatu hiyo alikuwa amesimama sebuleni kwa baba yake, akisoma maandishi mekundu yaliyoelea juu ya kikuku cha mzee.

Alama ya uzima: thelathini na moja. Ijumaa saa nne asubuhi: kuhamishiwa Nyumba ya Utulivu, Kondoa.

Sheria ilikuwa wazi. Mzee aliyeishi peke yake, alama yake ikikaa chini ya arobaini kwa siku sitini, alihamishiwa mahali ambapo angetazamwa mchana na usiku. Chakula cha Kondoa kilikuwa kizuri na wauguzi walikuwa wapole. Waliorudi nyumbani kwao walikuwa wachache sana.

"Maji umekunywa, baba?"

"Glasi nane."

"Kutembea?"

"Hatua elfu sita. Muulize bwana wako huyo wa ukutani."

"Na chakula?"

"Mlenda na ugali wa uwele. Chumvi kidogo, kama alivyoamuru." Mzee Nehemia aliketi kitini, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. "Nimetii kila kitu, Seche. Hata mama yako hakuwahi kunipata hivi."

Sauti ya Mratibu ikatoka ukutani, laini na isiyo na haraka. "Mzee Nehemia ametii ratiba kwa asilimia tisini na nane. Usingizi unapungua, hamu ya chakula inapungua. Chanzo hakijajulikana. Umri wake ni miaka sabini na tisa."

"Umesikia," mzee alisema. "Kosa langu ni kuzaliwa mapema." Kisha akashusha sauti. "Sitaki kwenda Kondoa, mwanangu. Watanitunza vizuri mpaka nife."

Sechelela alirudi ofisini akafungua kumbukumbu za baba yake za miaka miwili. Mstari wa alama ulienda sawa kama reli, sabini na kitu, mpaka tarehe kumi na moja Machi. Kuanzia tarehe kumi na mbili ulianza kuteremka, na kwa miezi saba haukupanda tena hata siku moja.

Akatafuta kilichobadilika siku ile. Dawa hazikubadilika, wala chakula. Kilibadilika kitu kimoja tu: matembezi ya asubuhi yalihamishwa kutoka Njia ya Tatu, saa kumi na mbili, kwenda Njia ya Saba, saa mbili. Pembeni Mratibu alikuwa ameandika sababu: kinga ya uhasama.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na orodha. Ugomvi mia mbili na kumi na nne, wote na mtu mmoja, Luhende Kasele, mwenye miaka themanini na moja, fundi mstaafu wa treni. Sechelela alivaa visikizio akafungua ule wa mwisho.

"Wewe Mnyamwezi," ilikuwa sauti ya baba yake, yenye nguvu ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi, "hilo goti lako jipya la chuma likianza kutu usilitupe. Nitaliuza chuma chakavu nipate mbuzi."

"Mbuzi wa nini? Mgogo akipata mbuzi anampa jina, anamwimbia, mwisho anakufa njaa huku anamtazama."

"Kunywa maji yako taratibu. Hayo ni maji ya Ugogo. Babu yako alipita hapa na msafara wa pembe, mzigo kichwani, akatoa hongo ya shanga ndipo akapewa kikombe. Wewe umetoa nini?"

Baada ya hapo kulisikika kishindo cha fimbo ikipigwa kwenye benchi, na sauti ya watu wawili wakihangaika kupata pumzi. Mratibu alikuwa ameandika: matusi ya kikabila, mapigo ya moyo mia na ishirini na nane, kishindo, hatari ya juu. Watenganishwe taratibu bila kuwafadhaisha.

Sechelela alirudia kusikiliza ile pumzi mara tatu. Haikuwa pumzi ya hasira. Walikuwa wazee wawili wanaocheka mpaka hewa imewaishia.

Kisha akakumbuka. Miaka sita nyuma, yeye na wanafunzi wenzake kumi na mmoja ndio waliomfundisha Mratibu ugomvi ni nini. Muhula mzima walikaa na visikizio, wakapewa maelekezo: ukisikia tusi la kabila, weka alama nyekundu. Sechelela alikuwa amesoma shule za bweni tangu ana miaka sita, shule ambako kutaja kabila la mwenzako kulikuletea adhabu. Utani aliujua kama swali la mtihani, mila ya mababu, mifano mitatu. Aliweka alama nyekundu elfu tisa, kwa uangalifu mkubwa, na akapewa cheti cha pongezi.

Siku ya pili alimwuliza baba yake, "Luhende ni nani kwako?"

Mzee alitazama dirishani. "Alikuwa mtani wangu. Miaka kumi na minne, kila asubuhi, benchi lile la Njia ya Tatu."

"Ikawaje?"

"Nilipita kiasi. Alikuwa ametoka kuwekewa goti. Mtu ametoka kukatwa, ana maumivu, mimi namwambia habari za chuma chakavu. Kesho yake kikuku kikanibadilishia njia, nikajua ameomba asinione. Nikampigia mara tatu, naambiwa hapatikani."

"Kwa nini hukwenda kwake ukamwomba radhi?"

Baba yake alimgeukia kwa mshangao wa kweli. "Mtani haombwi radhi, Seche. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba miaka yote ile ulikuwa unamtukana."

Sechelela alimweleza yote, pamoja na cheti, na kwamba Mratibu ndiye aliyezizuia simu zile. Mwishoni mzee akasema, "Kwa hiyo hakukasirika?"

"Sijui, baba. Ninachojua ni kwamba hakuomba kutengana nawe."

Kumkutanisha mtu na aliyetajwa kuwa hatari kwake kulihitaji kibali cha daktari. Jumatano Sechelela alikwenda kwa Daktari Mwanaidi Shekolowa, msimamizi wa uhamisho wa wazee, mwanamke makini asiyependa kubahatisha.

"Nikiwakutanisha, na moyo wa mzee wako ukasimama pale benchini?"

"Ijumaa anaondoka hata hivyo, daktari. Huko anakwenda kuzima polepole."

"Hilo unalisema kama mtoto wake."

"Nalisema pia kama niliyefanya kosa. Alama zile ni zangu."

Daktari akaandika kibali. "Nusu saa. Nami nitakuwepo na vifaa vyangu."

Alhamisi asubuhi Mzee Nehemia alivaa shati lililopigwa pasi. Waliketi kwenye benchi la Njia ya Tatu, daktari upande mmoja, Sechelela upande mwingine. Luhende hakuwa amehamishwa njia; saa kumi na mbili na dakika tano alitokea, mzee mrefu aliyepinda mgongo, goti lake likitoa mlio mdogo kila alipokanyaga. Alisimama hatua tatu kutoka kwao. Kwa mara ya kwanza Sechelela akaogopa kwamba amekosea tena.

"Luhende," mzee alianza, "kuhusu lile goti..."

"Nyamaza. Ukiniomba radhi nakupiga nalo."

Mzee Nehemia aliegemea fimbo yake.

"Miezi saba," Luhende aliendelea, akijishusha kwenye benchi bila kukaribishwa, "nakunywa maji peke yangu kama punda. Nikasema huyu Mgogo amechoka nami, kamwambia bintiye mwenye mitambo amhamishe. Nikasema acha, nitakwenda kwenye maziko yake nikamwaibishe mbele ya wakwe."

"Maziko yangu uyaone wapi, na wewe umeshaanza kuoza kuanzia gotini?"

"Tazama shati hilo. Umeazima kwa nani?"

"Maji umekunywa wapi miezi saba? Maji yote ya hapa ni yetu. Leta shanga."

Kikuku cha Mzee Nehemia kikageuka rangi ya chungwa. Mapigo yalifika mia na thelathini na moja. "Uhasama umetambuliwa," Mratibu alisema. "Tafadhali achaneni kwa amani."

Luhende alikiinamia kile kikuku. "Na wewe ni kabila gani?"

Mratibu, aliyejibu maswali milioni kwa saa, alikaa kimya sekunde tatu. "Swali halijaeleweka," alisema.

Mzee Nehemia akaanza. Kwanza mabega, kisha fimbo ikapiga benchi, kisha wote wawili wakashikana mikono wakitafuta hewa, machozi yakiwatiririka. Daktari Mwanaidi aliinua kifaa chake, kisha akageukia upande wa pili ili wasione uso wake.

Nambari zilianza kushuka. Mia na kumi. Tisini na nne. Sabini na sita. Wazee walikuwa wameingia kwenye habari za mtu fulani aliyeanguka jukwaani, wakiongea chinichini, wakati mapigo yalipofika sitini na sita na kutulia hapo. Nambari hiyo haikuwa imeonekana tangu Machi.

"Seche," baba yake aliita, "kuna chakula? Nina njaa."

Alikula ugali wote uliokuwa kwenye kikapu cha Sechelela, akaomba nyongeza, akasinzia palepale huku Luhende akiwaeleza wapita njia kwamba hivi ndivyo Wagogo wanavyofanya kazi. Daktari alisubiri saa nzima zaidi ya kibali alichotoa. Halafu akagusa maandishi mekundu, yakafutika.

"Nimesitisha uhamisho. Nitampima tena baada ya mwezi."

Sechelela alishukuru. Akakaa chini kwenye vigae, na chini yake njia-hai ikawaka kijani.

Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi na wenzake kumrekebisha Mratibu. Hawakumfundisha orodha ya makabila na watani wao, maana orodha kama hiyo nayo ingekosea. Walimfundisha kusubiri. Baada ya sauti kupanda, atazame saa inayofuata: mtu amelala vipi, amekula vipi, amemtafuta yule mwenzake tena au amemkimbia. Na kama hana uhakika, aulize. Katika jiji zima walikuta jozi elfu kumi na moja za watu waliotenganishwa kimyakimya. Wengi walikuwa wagomvi kweli, wakaachwa walivyo. Elfu nne hivi walifunguliwa njia, na asubuhi za Dodoma zikawa na kelele ambazo vijana hawakuzizoea.

Jozi mia mbili na sitini na tatu hazikuweza kufunguliwa. Mmoja wa wale wawili alikuwa amekwisha kufariki.

Wakubwa wa ofisi yake walishauri waliobaki hai watumiwe ujumbe kwenye vikuku. Sechelela alikataa, akaomba aende mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi. Wa kwanza alikuwa Bi Nyamizi wa Chang'ombe, Mnyamwezi mwenye miaka themanini na minne, aliyekuwa akitaniana na jirani yake Mgogo, Mwaja, tangu wote wakiwa wachuuzi wa mboga.

Alimkuta akichambua majani ya kunde. Akapiga magoti, akamwamkia, akamweleza bila kuficha kitu: kwamba Mwaja hakumchoka, kwamba alimpigia mara ishirini na sita, kwamba alifariki mwezi Juni.

Vidole vya Bi Nyamizi vikasimama.

"Alizikwa bila mtani?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Hakuna aliyejilaza kaburini akawazuia kumshusha? Hakuna aliyemwiga anavyotembea?"

"Walilia tu."

"Masikini. Walilia tu." Alijipangusa macho kwa upindo wa kanga, akasukuma ungo pembeni. "Unalijua kaburi lake lilipo?"

"Ninalijua. Ni mwendo wa nusu saa."

Kikuku kilimwonya kwamba mapigo yake yamepanda, kisha, kama kilivyofundishwa, kikanyamaza kikisubiri. Bi Nyamizi alijifunga kanga kiunoni, akamshika Sechelela mkono ili asimame.

"Nisindikize, mjukuu wangu. Nina maneno yake ya mwaka mzima, na leo hatakuwa na la kujibu."